Nani Alisugua Oveni ya Lavington?

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio nisionekane ni kama nahubiri.

Juzi tulikuwa tunahama keja yetu ya Kileleshwa, mimi na wenzangu wawili. Tulikuwa tumekaa hapo miezi kumi na nane. Ajenti akakuja kukagua nyumba, simu mkononi, anapiga picha kila kona. Akafika jikoni. Akafungua oveni. Akanyamaza. Halafu akaifunga polepole, vile mtu hufunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akasema, "Hii itakatwa kwa deposti."

Na kusema ukweli, alikuwa na haki. Hiyo oveni ilikuwa imepitia mambo. Kuku wa Krismasi aliyemwaga mafuta mpaka jikoni kukajaa moshi. Keki za bathdei zilizofurika trei. Piza ambayo mtu, sitamtaja, aliweka saa sita usiku akaenda kulala. Chini kulikuwa na ukoko mweusi, mgumu kama lami. Kioo cha mlango kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya rangi, huwezi kuona ndani. Na hakuna hata mmoja wetu alikuwa amewahi kuisugua. Sio ati tulikataa. Hatukuwahi hata kuwaza kwamba hiyo ni kazi ya mtu.

Mwenzangu akasema kitu ambacho pengine hata wewe ungesema: "Si tuitie mama fua Jumamosi? Anafua, anapiga deki, anamalizia na oveni. Mia tano."

Mama fua akakuja saa mbili asubuhi, ametembea kutoka Kawangware. Ni mama wa umri wa mathe yangu. Akafua nguo. Akapiga deki. Halafu mwenzangu akamletea mkebe wa ile dawa ya kupuliza ya kusafisha oveni. Mama akaugeuza, akasoma maandishi ya nyuma, akauweka mezani. Akatuonyesha vidole vya mkono wake wa kulia. Ngozi ya ncha ilikuwa nyembamba na inang'aa, kama imepigwa pasi.

"Hii ilinitoa ngozi kwa nyumba nyingine," akasema. "Walinipea bila glavu, wakaniambia nimalize ndio nilipwe. Wasichana wangu, mimi hii siguzi. Na oveni si kazi ya kumalizia. Ni kazi."

Tulinyamaza kama watoto wamepatikana na sukari mdomoni. Tukamlipa, akaenda. Jioni nikampigia mathe nikampa stori yote, nikidhani atanihurumia kuhusu deposti. Mathe akacheka kwanza. Halafu akaniambia kitu sikuwa najua. Guka, babake, aliingia Nairobi mwaka wa 1950 akiwa kijana wa miaka kumi na tano. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwa nyumba ya mzungu huko Lavington. Na kazi yenyewe ilikuwa kusugua jiko.

Kutoka kwa hiyo keja yetu mpaka Lavington ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Guka alisugua jiko la watu ndio mathe asome. Mathe akasoma ndio mimi nikae Kileleshwa. Na mimi nikakaa Kileleshwa nikingoja mtu atembee kutoka Kawangware aje anisugulie oveni.

Kwa hivyo hii stori ina sehemu mbili. Moja ni vile ukoko hutoka, na nitakuambia. Nyingine ni vile mji huu ulipangwa ili watu kama mimi tusijue kuutoa. Naanza na ya pili kwa sababu ndiyo ngumu.

Mji wenye mlango wa nyuma

Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya reli. Ndani ya miaka michache wakoloni wakaanza kuugawa mji kwa rangi. Upande wa magharibi na kaskazini, kwenye vilima, udongo mwekundu na hewa baridi, wakajitengea wazungu. Hiyo ndiyo Westlands, Kileleshwa, Kilimani, Lavington na Muthaiga tunazozijua. Wahindi wakapata kwao, Ngara na baadaye Parklands. Mwafrika akasukumwa mashariki, Pumwani na mitaa iliyofuata.

Lakini kulikuwa na Mwafrika mmoja aliyeruhusiwa kulala magharibi: yule anayepika, anayefua, anayekata nyasi na anayebeba mtoto. Huyo alijengewa chumba nyuma ya nyumba kubwa, karibu na kamba ya nguo. Walikiita nyumba ya maboi. "Boi" angekuwa na miaka hamsini na wajukuu wanne, bado ni boi. Na angalia vizuri, wengi walikuwa wanaume. Leo tukisema kazi ya jikoni ni ya mwanamke tunasahau kwamba, kwa miaka mingi, waliosugua masufuria ya Nairobi walikuwa baba na babu zetu.

Ili huyo mfanyakazi asitoroke, kulikuwa na kipande. Sheria yenyewe ilipitishwa mwaka wa 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutumika kwa nguvu. Kila mwanaume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, anakotoka, na kumbukumbu ya kazi yake. Wengi waliibeba ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukiajiriwa, mwajiri anaandika. Ukiacha kazi, lazima aandike tena kwamba amekuachilia. Asipoandika, wewe ni mtoro, na kutoroka kazi lilikuwa kosa la jinai.

Fikiria hiyo maneno kwa jikoni. Memsahibu anafungua jiko, anaona weusi pembeni, anakasirika. Wewe umechoka, unataka kwenda. Lakini karatasi yako iko shingoni na kalamu iko mkononi mwake. Ajenti wetu alitutisha na deposti. Baba ya guka wangu alitishwa na jela.

Watu hawakunyamaza, lazima tuseme hivyo. Mwaka wa 1921 Harry Thuku, kijana aliyekuwa anafanya kazi ya simu kwa ofisi ya hazina ya serikali, alianza kuwakusanya wafanyakazi wa mji kulalamikia kipande, kodi, na mpango wa waajiri wa kupunguza mishahara. Walimkamata tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk, ukidai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawaambia wanaume kwamba kama wanaogopa wavue suruali wampe yeye, wachukue nguo yake. Polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, wengine wakasema ni zaidi. Muthoni alikuwa mmoja wao.

Leo barabara inayopita hapo inaitwa Harry Thuku Road. Wanafunzi wa chuo hupita hapo kila siku wakienda tao. Sisi tukiisoma shuleni tulifundishwa ni stori ya siasa. Mimi sasa naisoma kama stori ya kazi pia. Kipande walichokuwa wanakilalamikia ndicho kilichomfunga mpishi kwa jiko lake.

Jiko la Karen

Ukitaka kuona jiko la zamani hizo kwa macho yako, nenda Karen. Nyumba aliyoishi Karen Blixen, yule mwandishi Mdenmarki, ilijengwa mwaka wa 1912, na tangu 1986 ni jumba la makumbusho. Jikoni wameweka jiko la Dover, mfano wa lile alilotumia. Ni jiko la chuma zito, linakula kuni, lina vijilango mbele, na kimoja kinafungua mahali pa kuoka.

Mpishi wa hiyo nyumba tunamjua kwa jina, na hiyo ni bahati kubwa kwa sababu wapishi wengi wa wakati huo hatutawahi kuwajua. Ni Kamante Gatura. Blixen alimkuta akiwa mtoto mwenye vidonda vibaya miguuni, akapelekwa hospitali ya misheni Kikuyu, akapona, akawa mpishi. Mwaka wa 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza alikula chakula cha jioni katika nyumba hiyo, na aliyepika ni Kamante. Blixen aliandika kuhusu kipaji chake kwa kitabu chake cha 1937. Mwaka wa 1975 Kamante naye akatoa kitabu chake, kwa maneno yake mwenyewe, akishirikiana na mpiga picha Peter Beard.

Nilienda huko wiki moja baada ya aibu yetu. Watalii walikuwa wanapiga picha vitanda na makochi. Mimi nikabaki jikoni nikiangalia hivyo vijilango vya chuma. Jiko kama hilo haliwaki na haliokei mpaka mtu atoe majivu, akwangue masizi, asugue mafuta yaliyoganda pembeni. Kila siku, sio siku ya kuhama. Jina la aliyempikia mwana wa mfalme tunalo. Jina la aliyesugua asubuhi iliyofuata hatuna. Inawezekana alikuwa huyo huyo, inawezekana alikuwa mtoto wa kumsaidia, kama guka wangu.

Toto wa jikoni

Kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa ngazi. Juu kabisa kulikuwa na mpishi. Chini kabisa kulikuwa na toto, kijana mdogo wa kukata kuni, kuchota maji na kusugua. Waliitwa hivyo hivyo, matoto wa jikoni. Mwaka wa 1950 guka alikuwa toto.

Mathe ananiambia guka alikuwa anaamka saa kumi na moja. Kwanza anatoa majivu ya jana, lakini hayatupi yote. Anayachunga kwa kitambaa, anayalowesha maji kidogo, anapata uji wa kijivu. Anaupaka ndani ya jiko mahali mafuta yameungua, anauacha ukae wakati anawasha moto wa maji ya kuoga. Akirudi anasugua na maganda ya mahindi. Hakuna aliyemfundisha hayo kwa hiyo nyumba. Alitoka nayo nyumbani. Akina shosh wetu kila pembe ya nchi walijua majivu yanafanya kazi. Waluhya hadi leo wanachuja majivu kupata musherekha wa kulainisha mboga. Toto wa miaka kumi na tano aliingia Lavington na sayansi yake kichwani, wakamlipa kama mtu asiyejua kitu.

Alifundishwa pia Kiswahili kipya. Kiswahili cha walowezi, watu walikiita Kisetla, kilikuwa lugha ya amri tupu. Leta, toa, safisha, upesi. Guka alizeeka akikiigiza ili kutuchekesha wajukuu. Tulicheka sana. Sasa najua alikuwa anaigiza nini.

Oktoba 1952 serikali ikatangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya Mau Mau. Ghafla mpishi aliyekuwa anashika kisu cha nyama kila siku akawa mtu wa kuogopwa. Halafu tarehe 24 Aprili 1954 jeshi likazingira Nairobi. Operesheni hiyo waliiita Anvil. Watu wa jamii za Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa manyumbani na makazini, wakapelekwa Lang'ata kuchujwa, na maelfu kwa maelfu wakasafirishwa hadi kambi za Manyani na Mackinnon Road. Guka alikuwa na miaka 19. Walimchukua kutoka nyumba ya maboi asubuhi, kabla hajatoa majivu.

Mathe anasema guka hakuwahi kueleza sana kuhusu Manyani. Kitu kimoja tu alikuwa anarudia: kwamba siku hiyo jiko lilibaki chafu, na alikuwa anajiuliza nani alilisugua. Mimi nikiwa mdogo ningedhani ni mzaha. Sasa sidhani.

Mwaka wa 1963

Hapa nataka tuangalie nje kidogo, kwa sababu oveni chafu si ya Nairobi pekee. Mwaka wa 1932, huko Regina nchini Kanada, fundi mmoja anayeitwa Herbert McCool alitengeneza dawa ya kusafisha oveni, ile iliyokuja kuuzwa kwa jina la Easy-Off. Nguvu yake ilitoka kwa kostiki soda. Halafu mwaka wa 1963 kampuni ya General Electric ya Marekani ikatoa oveni inayojisafisha. Unafunga mlango, joto linapanda kupita lile la kupikia kabisa, uchafu unageuka majivu, unafuta na kitambaa. Basi.

1963. Mwaka ule ule sisi tulipopandisha bendera.

Nimekaa nikiwaza hiyo. Kwao, mtu aliwaza: kazi hii ni mbaya, tutengeneze mashine. Si ati huko hakukuwa na wanawake weusi wakisugua jikoni za wazungu, walikuwepo wengi. Lakini familia nyingi za kawaida zilikuwa zinasugua zenyewe, na mtu akisugua mwenyewe anatafuta njia ya kuacha. Kwetu, wenye nyumba za Lavington walibadilika. Wazungu wengine waliondoka, wakaingia mawaziri, mabalozi, makatibu, wakurugenzi. Familia zetu nyeusi, zenye guka zake. Na chumba cha nyuma kikabaki pale pale. Hakikubomolewa, kilipakwa rangi.

Kilichobadilika ni aliyelala ndani. Polepole, miaka ya baada ya uhuru, hausiboi akawa hausigeli. Wanaume wakapata kazi za ofisi na viwanda, wasichana wakaletwa kutoka mashambani, wengine wadogo kuliko toto wa 1950. Kwa nini ununue mashine ya bei ghali na ulipie stimu nyingi wakati kuna mkono wa bei nafuu nyuma ya nyumba? Mimi naona hilo ndilo jibu.

DSQ

Fungua tangazo lolote la nyumba Kilimani leo. Vyumba vitatu, lifti, jenereta, bwawa la kuogelea, na DSQ. Hizo herufi mbili za mwisho, SQ, ni makao ya watumishi. Tumezisema mpaka hatuzisikii. Ghorofa ya kumi na mbili, hakuna nyuma ya nyumba, hakuna kamba ya nguo, lakini chumba cha boi kimepanda juu na sisi. Mara nyingi ni kidogo kiasi kwamba kitanda kikiingia mlango unafunguka nusu. Yetu tuliigeuza stoo. Ilikuwa na masanduku na baiskeli moja mbovu, na tulikuwa tunalalamika ni ndogo sana hata kwa baiskeli.

Na si nyumba tu. Angalia jedwali la serikali la mishahara ya chini. Kwenye kundi la chini kabisa, pamoja na mfagiaji na mlinzi wa mchana, bado kuna mtumishi wa nyumba na yaya. Novemba 2024, kima cha chini cha kundi hilo hapa Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Gawa kwa siku 26 za kazi, unapata kama 620 kwa siku. Sisi, vijana watatu wenye digrii na maoni makali kuhusu ukoloni, tulikuwa tunampa mama mia tano kwa nguo, deki na oveni. Na dawa ya kuchoma ngozi, bila glavu.

Kuna chama cha wafanyakazi wao, KUDHEIHA. Kuna mkataba wa kimataifa wa wafanyakazi wa nyumbani uliopitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011, na ndiyo maana kila 16 Juni ni siku yao duniani. Lakini mkataba hauingii jikoni kwako. Jikoni kwako unaingia wewe.

Najua mtu atasema: si unampa mtu kazi, ungetaka alale njaa? Hapana. Sisemi tuache kuajiri. Mama yule anahitaji kazi na anaijua. Nasema tusijifanye kazi ndogo ni kubwa tukiifanya sisi, na kazi kubwa ni ndogo akiifanya yeye. Ukishasugua oveni mara moja, huwezi kusema "amalizie" tena. Hiyo ndiyo sababu naona kila mtu anafaa kusugua angalau moja.

Sasa, vile ukoko hutoka

Tuliisugua wenyewe, kwa siku mbili. Na kabla ya kuanza nikataka kuelewa kwa nini majivu ya guka yalifanya kazi.

Ukoko wa oveni ni mafuta yaliyopikwa tena na tena mpaka yakashikana kuwa kama rangi ya gundi, yamechanganyika na sukari na nyama iliyoungua. Maji hayayaingii. Lakini mafuta yakikutana na kitu kinachochoma kwa upande wa magadi, kinyume cha ndimu, yanaanza kugeuka sabuni. Hivyo ndivyo sabuni hutengenezwa. Majivu ya kuni yana kitu cha aina hiyo. Kostiki soda ni ya aina hiyo pia, ila kali sana, ndio maana inageuza hata mafuta ya ngozi yako. Na magadi ni ya aina hiyo.

Magadi, bana! Kama kilomita mia moja na kitu kutoka Nairobi, kusini magharibi, kuna ziwa zima la hiyo kitu. Kampuni ya kuchimba ilianzishwa huko mwaka wa 1911, reli ikapelekwa, na mpaka leo magadi ya huko yanasafirishwa kwenda kutengenezea vioo. Sisi tunayajua ya kulainisha githeri. Ndugu yake mpole ni ile soda ya kuokea ya pakiti ndogo unayoweka kwa keki. Wote wawili wanasafisha oveni.

Tulifanya hivi. Tulizima umeme wa oveni ukutani, tukaacha ipoe kabisa. Tukatoa trei na nyavu. Tukachanganya soda ya kuokea na maji kidogo mpaka ikawa uji mzito, tukapaka chini, pembeni na kwa kioo, lakini sio kwa zile waya za kupasha moto wala matundu ya gesi. Tukaacha usiku kucha. Hapo ndipo watu hukosea: wanapaka, wanasugua baada ya dakika tano, wanachoka, wanakata tamaa. Wacha ifanye kazi ukilala. Asubuhi tukakwangua na kipande cha mbao, sio kisu, halafu tukafuta na kitambaa cha maji moto. Mahali palibaki weusi tukarudia usiku wa pili.

Nyavu za chuma tuliziloweka kwa beseni la maji moto na magadi. Onyo: usiweke kitu cha aluminiamu humo, magadi yataila na itageuka nyeusi. Onyo lingine: ile video ya kumwaga siki juu ya soda ikatoa povu ni ya kupendeza macho tu. Siki na magadi zikikutana zinamalizana nguvu, unabaki na maji ya chumvi. Siki weka mwisho, kufuta mabaki meupe. Na vaa glavu. Hata kwa soda, ukisugua masaa matatu vidole vinakauka. Kwa kostiki, glavu si hiari, fungua madirisha yote, na usimpe mtu mwingine kitu ambacho wewe hungegusa.

Masaa matatu siku ya kwanza, mawili ya pili. Magoti yaliuma. Shingo iliuma kwa sababu lazima uingize kichwa ndani. Wakati fulani, kichwa kikiwa ndani ya oveni, nikisikia wenzangu wakicheka nje, nikamuona guka, miaka kumi na tano, saa kumi na moja asubuhi, mikono imejaa majivu. Sikulia. Lakini nilitoka nje kidogo nikapumua.

Oveni iling'aa. Ajenti akakuja, akafungua, akapiga picha, hakusema kitu. Deposti alikata hata hivyo, ati rangi ya ukuta. Nairobi ni Nairobi.

Tulimpigia mama fua. Tukamwomba msamaha, tukamtumia kile kilichobaki kufikia kiasi ambacho siku ile ilistahili, na zaidi kidogo. Akauliza, "Oveni mlifanyaje?" Nikamwambia soda, usiku kucha, mara mbili. Akanyamaza kidogo.

"Siku mbili?" akasema. "Mimi ningemaliza moja. Lakini ningewaitisha elfu."

Na ningelipa. Sasa najua anauza nini.